Wosia, mirathi na matunzo ya mzee: mwongozo kamili kwa familia za Dodoma

Tanzania haitozi kodi ya urithi. Mzee akifariki Nkuhungu akaacha nyumba, kiwanja Iyumbu na ng'ombe 12 Bahi, TRA haidai fungu kwa sababu tu mali imetoka kwa marehemu kwenda kwa wanawe. Hofu hiyo tumeiazima Uingereza, ambako mirathi inayozidi pauni 325,000 inaweza kukatwa asilimia 40 ya kile kinachozidi. Wapo wanaogawa viwanja haraka haraka kukwepa kodi ambayo haipo. Huku kwetu mali ya mzee inaliwa na mambo mengine: gharama za kumuuguza miaka ya mwisho ambazo hakuna aliyeziandika, na ugomvi wa kikao cha ukoo ambao, ukiusikiliza vizuri, unahusu gharama hizo hizo. "Mimi ndiye niliyemtunza." "Nani alikutuma?" Baada ya hapo ni pingamizi mahakamani na nyumba kukaa miaka haina mwenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na matunzo, wosia unafuata. Anayeandika wosia kabla ya kupanga matunzo anagawa mali ambayo huenda isiwepo siku ikifika.

Hatua ya 1: Orodhesha mali, na kila mali na karatasi yake

Nunua kauntabuku. Kaa na mzee asubuhi akiwa hajachoka, uandike kila alicho nacho, na pembeni uandike karatasi inayothibitisha na mahali ilipo. Msiishie kwenye "nyumba ya Chang'ombe". Andika namba ya kiwanja, kitalu, jina lililoko kwenye hati na nani anaishi humo sasa.

Dodoma mjini pana shida yake ya pekee. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017. Majukumu yake yakahamia halmashauri, ambayo tangu 2018 ni ya jiji. Wazee wengi bado wamehifadhi karatasi za CDA kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro: barua ya toleo, stakabadhi, au hati ya miaka 33. Soma tarehe. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 ilifika mwisho 2023. Ukiikuta hivyo, nenda ofisi ya ardhi ya jiji mzee akiwa hai na ana uwezo wa kusaini. Akishafariki, kazi hiyo hiyo itahitaji kwanza msimamizi wa mirathi, ndipo foleni ianze.

Kibaya zaidi ni kiwanja kilichonunuliwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, huku hati ikiwa bado na jina la muuzaji. Muuzaji naye ni mzee. Akifa yeye kwanza, watoto wake hawamjui baba yako, na bei ya kiwanja cha Mtumba au Nala leo si ile aliyolipwa baba yao. Mtafuteni muuzaji sasa, mkamilishe uhamisho. Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya angalau hii.

Kwa ardhi ya kijiji, iwe shamba la zabibu Hombolo au la mtama Mvumi, uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na kama mzee anaweza kupata hati miliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina mawili, ya mume na ya mke. Andikisheni mawili.

Halafu mifugo. Ng'ombe wa mzee wa Kigogo si wote wanaolala zizini kwake. Wengine amewaweka kwa rafiki au shemeji kijiji kingine, na habari zao anazo kichwani mwake tu. Andika kila mmoja yuko kwa nani, tangu lini, walizaa wangapi, na mzee na mfugaji walipatana nini kuhusu ndama. Mwenye kuwafuga naye ashuhudie hayo maandishi. Akifa mzee bila hivyo, ng'ombe hao watakuwa "walishakufa kwa ukame".

Maliza na akaunti za benki, SACCOS, VICOBA, laini za simu zenye pesa, bima na mafao. Madeni pia yaandikwe, hata ya duka la jirani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya matunzo

Hapa watu hukadiria kwa macho. Mfano mdogo: mzee aliyepata kiharusi akawa hawezi kuamka anahitaji pampasi tatu kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Nenda duka la dawa uulize bei ya moja, zidisha kwa 90. Ongeza dawa za presha au kisukari, bajaji ya kliniki kwenda na kurudi, chakula laini, sabuni, maji, na mshahara wa mtu wa kumgeuza na kumwogesha. Zidisha kwa 12, kisha kwa miaka mitano. Ile namba itakayotokea ndiyo iwekwe mezani watoto wote wakiwepo, hata aliyeko Dar na aliyeko nje, kwa simu.

Sasa tafuta inakotoka.

Kwanza, haki za matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana utaratibu wa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wa jamii ili mzee atambuliwe na kupata kitambulisho, na hospitalini mkaulize dirisha la wazee. Msamaha huo hautoshi peke yake. Dawa isiyokuwepo dirishani mtainunua nje, na pampasi hazimo. Kama kaya imo kwenye bima ya NHIF kupitia mtoto mwajiriwa, hakikisheni wazazi wameandikishwa kama wategemezi.

Pili, pensheni. Mtumishi wa umma mstaafu analipwa na PSSSF, wa sekta binafsi na NSSF. Mkulima na mfugaji hana kitu. Zanzibar imekuwa ikitoa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016. Bara hakuna mpango kama huo kwa wazee wote. Kaya maskini sana inaweza kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya, ila usijenge bajeti juu ya jina ambalo bado halijatoka.

Tatu, mali ya mzee mwenyewe. Hapa wengi wanaona haya, na mimi nasema haya hiyo ndiyo inayozaa kesi. Tuseme mzee ana vyumba vinne vya kupangisha Chang'ombe. Kodi yake imtunze yeye. Si busara mtoto wa kiume akusanye kodi hiyo "kwa sababu ni nyumba ya ukoo" huku dada yake ananunua pampasi kwa mkopo. Mkiona hata kodi haitoshi, ni halali mzee auze kiwanja kimoja atibiwe. Ni mali yake, wala si mali ya warithi waliotangulia kuhesabu.

Vituo vya kulelea wazee ni vichache, na vya serikali vimekusudiwa wasio na ndugu wala uwezo. Kanda ya kati kuna makazi ya Sukamahela, Manyoni, mkoani Singida. Njia ya kufika huko ni kupitia ustawi wa jamii. Familia yenye watoto saba wazima isitarajie kupokelewa.

Hatua ya 3: Mlezi awe na makubaliano ya maandishi

Katika familia nyingi yuko mmoja aliyeacha kazi zake akarudi nyumbani, na mara nyingi ni binti. Mzee akifa, binti huyo ndiye anayeambiwa "wewe si ulikuwa unakaa bure?"

Dawa yake iko kwenye kanuni moja ambayo sheria zetu zote zinakubaliana: mazishi na madeni ya marehemu hulipwa kabla mrithi hajapata chochote. Ni hivyo kwa sheria ya kimila, kwa Uislamu, na kwa sheria ya serikali. Kwa hiyo gharama za matunzo zikiandikwa mapema kama deni, mlezi anaingia kwenye mirathi kama mdai na analipwa kabla ya mgawo. Asipokuwa na karatasi, anabaki mrithi wa kawaida mwenye manung'uniko.

Makubaliano yanaweza kuwa mafupi hivi:

*"Mimi (jina la mzee), nikiwa na akili timamu, nakubali kwamba binti yangu (jina) ananitunza nyumbani kwangu Mtaa wa ____ tangu tarehe ____. Kodi ya vyumba viwili vya uani itumike kwa matunzo yangu. Atakachotoa mfukoni mwake kwa dawa, chakula na usafiri wangu, kikiandikwa kwenye daftari la matunzo na kuambatanishwa risiti, ni deni langu kwake. Kama sijalilipa nikiwa hai, lilipwe kutoka mali yangu kabla ya mgawo."*

Mzee asaini au aweke dole gumba. Washuhudie watu wawili wasionufaika, mmoja wa ukoo na mmoja jirani au kiongozi wa mtaa. Watoto wengine nao wasaini kwamba wameona. Asiyetaka kusaini, andikeni kwamba alisomewa. Mkiweza, lipelekeni kwa wakili au kamishna wa viapo.

Daftari lenyewe liwe la kweli. Kila mwisho wa mwezi mlezi apige picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Deni lililotumwa kila mwezi kwa miaka mitatu bila mtu kulalamika ni gumu sana kulikana. Daftari lililojazwa lote kwa wino mmoja wiki baada ya mazishi, hakimu atalijua.

Hatua ya 4: Msisubiri akili ipotee

Wosia, uhamisho wa kiwanja na makubaliano ya mlezi vyote vinahitaji mtu anayejua anachofanya. Mzee akianza kurudia swali lile lile mara nne, au kupotea njia ya kurudi kutoka sokoni, mpelekeni kwa daktari mapema; Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kwa afya ya akili tuna Mirembe. Kama bado ana utambuzi wa kutosha, ombeni barua ya daktari ya wiki ile ile atakayosaini wosia. Hiyo barua itafunga mdomo wa mtu atakayesema alisainishwa akiwa hajitambui.

Mzee anaweza pia kumpa mtoto hati ya uwakilishi ili amwendeshee mambo ya benki na wapangaji. Hati hiyo ina mipaka miwili. Haitumiki tena mzee akishapoteza akili; hapo mahakama ndiyo humteua wa kusimamia mali zake. Na inakufa siku ile ile mzee anapokufa. Kadi ya benki vilevile. Mtoto anayejua namba ya siri akitoa pesa usiku wa msiba, hata kama ni za sanda na maharage, atazitolea hesabu.

Hatua ya 5: Jua mirathi itaenda kwa sheria ipi

Zipo tatu, na mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoonyesha.

Sheria ya kimila. Kanuni zake ziliandikwa na kutangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kama hakuna wosia, kanuni hizo huweka warithi kwenye madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu, anategemea watoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema mwaka 2015, katika malalamiko ya wajane wawili Watanzania, kwamba kanuni hizi zinawabagua. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ameamua katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Pamoja na hayo, mzee wa kimila mwenye mke na mabinti asiyeandika wosia anawaachia vita.

Sheria ya Kiislamu. Kondoa na sehemu kubwa ya Chemba mirathi nyingi hupita huku. Mafungu yameshapangwa: mjane mwenye watoto apate moja ya nane, mtoto wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Wosia hauvuki theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya madeni, na haumpi mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Anayetaka kumkirimu binti mlezi atumie hiba: ampe akiwa hai na amkabidhi kweli, au atumie deni la matunzo kama nilivyoeleza.

Sheria ya serikali, ambayo mzizi wake ni sheria ya urithi ya India ya 1865, huwafuata hasa Wakristo na wengine walioachana na maisha ya kimila. Wosia wake unahitaji mashahidi wawili, na shahidi akiachiwa kitu hukipoteza. Akioa au kuolewa baada ya kuuandika, wosia huo umefutika. Mgane aliyeoa tena aliangalie hilo.

Hatua ya 6: Andika wosia

Usigawe kisicho chako. Nyumba mliyochuma pamoja na mkeo ina sehemu yake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mtu uliyeishi naye miaka miwili au zaidi mkajulikana kama mke na mume, sheria hiyo huwachukulia kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtaje. Mtoto wa nje naye mtaje: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake. Kumficha mtoto wa nje hakumfuti. Kunasogeza tu siku ya kutokea kwake mpaka kwenye matanga.

Kama wewe na mwenzio mnataka nyumba ibaki kwa atakayesalia bila mjadala, njia fupi kuliko wosia ni hati kusajiliwa kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu. Mmoja akifa, haki inabaki kwa mwenzake.

Kwa wosia wa kimila masharti ni haya: uandikwe kwa wino usiofutika, si penseli, uwe na tarehe, useme mwandikaji ana akili timamu na anafanya kwa hiari, usainiwe au uwekwe dole gumba mbele ya mashahidi waliopo pamoja. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Mashahidi wajue kusoma na kuandika na wasiwe warithi. Mke au wake walioko nyumbani nao washuhudie. Wosia wa mdomo unakubalika ukiwa na mashahidi wanne, ila hauwezi kufuta ule wa maandishi. Hilo la mwisho mlishike, maana kila msiba una mtu "aliyeambiwa na mzee usiku wa mwisho".

Kwa kimila, kumnyima mtoto urithi kunaruhusiwa kwa sababu maalumu tu: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya yeye au mama wa mrithi huyo, au kutomtunza katika njaa na ugonjwa bila sababu ya haki. Sababu iandikwe wazi, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Daftari la matunzo mnaliona linarudi tena hapa.

Mwili wa wosia wenyewe usipambwe:

*"Mimi (jina kamili, namba ya NIDA), mkazi wa Kata ya Nkuhungu, Dodoma, nafuta wosia wote wa awali. Namteua (jina) kuwa msimamizi wa mirathi yangu. Akishindwa, awe (jina). Madeni yangu, pamoja na deni la matunzo kwa mujibu wa makubaliano ya tarehe ____, yalipwe kwanza. Nyumba iliyopo Kiwanja Na. __ Kitalu __ namwachia mke wangu (jina). Kiwanja Na. __ Iyumbu nawaachia (majina) kwa sehemu sawa. Ng'ombe 12, wakiwemo watano walioko kwa (jina) Bahi, wagawanywe hivi: ____. Mali yoyote nisiyoitaja apewe ____."*

Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiruka. Mzee aliandika wosia 2015, akanunua kiwanja 2021: kiwanja hicho hakina mwenyewe bila hiyo sentensi. Kwa mafao ya PSSSF au NSSF, usiyagawe kama shamba. Hulipwa kwa utaratibu wa sheria ya mfuko kwa wategemezi. Kazi yako ni kuhakikisha majina ya mke na watoto huko yako sahihi.

Hatua ya 7: Uhifadhi

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kuhifadhi wosia kwa ada. Wakili pia huhifadhi. Kabati la chumbani halifai, kwa sababu mwenye ufunguo ndiye mwenye wosia. Waambie watu wawili uliko, bila kulazimika kuwaambia kilichomo. Urudie kuusoma kila kukitokea ndoa, talaka, mtoto au kiwanja kipya. Asiye na hela ya wakili aulize wasaidizi wa kisheria walioandikishwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Halmashauri nyingi wanao, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani.

Hatua ya 8: Kodi ambazo zipo

Nilisema hakuna kodi ya urithi. Kodi zinaanza mali inapofanya kazi au kuuzwa.

Warithi wakiuza nyumba au kiwanja, kuna kodi ya ongezeko la mtaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama, kwa hiyo stakabadhi za mzee za kununua na kujenga ni pesa. Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa, kubwa kati ya hizo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaacha nje makazi binafsi yaliyomilikiwa na kukaliwa kwa miaka kadhaa kama faida haizidi milioni 15, na shamba lenye thamani chini ya milioni 10 lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho. Kumhamishia mtoto kiwanja ukiwa hai nako kuna uthamini na TRA, kwa hiyo uliza hesabu kabla ya kusaini.

Pango wanalolipa wapangaji lina kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla mwenye nyumba hajalipwa, ya asilimia 10. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Pango la ardhi la kila mwaka halikatwi popote. Usipolilipa linalimbikizwa na riba, na milki inaweza kufutwa. Mara nyingi ndilo deni la kwanza msimamizi analokutana nalo dirishani.

Hatua ya 9: Baada ya mazishi

Chukueni kibali cha mazishi, kisha cheti cha kifo kwa msajili wa wilaya au kupitia mfumo wa RITA wa mtandaoni. Majina kwenye cheti yafanane na ya hati na ya benki. Yakitofautiana, andaeni kiapo cha majina mapema.

Fanyeni kikao cha familia na muandike muhtasari: waliohudhuria, warithi wote, mali, aliyependekezwa kuwa msimamizi, saini. Sheria haikiwekei sharti kikao hicho, lakini makarani watauliza muhtasari, na mrithi aliyesaini hupata taabu kugeuka. Kama kuna wosia uliomtaja msimamizi, kikao hakina mamlaka ya kumbadili, kinausoma tu.

Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu, kwa Fomu Na. I. Ya sheria ya serikali huenda mahakama za juu. Mjini Dodoma ulizeni Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bila pingamizi, msimamizi hupewa Fomu Na. IV, na ndiyo atakayoipeleka benki, kampuni ya simu na ofisi ya ardhi.

Msimamizi si mrithi mkuu, na hapa ndipo makaka wakubwa wanapoteleza. Anakusanya mali, analipa madeni likiwemo la mlezi, anagawa. Kwa ardhi yenye hati, kwanza anasajiliwa yeye kwa Msajili wa Hati kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, ndipo anahamisha kwa mrithi. Akijiandikisha jina lake tupu na kukaa kimya, warithi wana haki ya kuomba mahakama imwondoe.

Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa kwenye Mahakama ya Mwanzo, anarudisha Fomu Na. V yenye orodha ya mali na madeni yote. Katika mahakama za juu orodha ni miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Akimaliza kugawa anawasilisha Fomu Na. VI, warithi wanaitwa kuithibitisha mbele ya hakimu, na shauri linafungwa. Mwombeni karani nakala zilizogongwa muhuri za fomu zote tatu, Na. IV, V na VI, kila mrithi akae na zake.